Ugomvi wa Kunong'ona

Mtunza farasi alikuwa na sauti mbili: ile kavu ya kusemea na watu, na ile laini, kama ya kubembelezea kichanga, aliyomwekea farasi jike wa kahawia. Vidonda vya tumbo vya farasi huyo vilikuwa vimerudi mara ya tatu, na daktari wa mifugo alishaonya kwamba asikae na njaa wala asishtuliwe. Basi kutwa alimtilia nyasi kavu kidogo kidogo, akampunguzia nafaka, na ile dawa ya unga akaichanganya na chakula kwa vidole vyake vinene, akiionja kwanza yeye.

Asubuhi moja mama mkwe wake aliingia bandani amefura, kwa kuwa binti yake hakuwa amemwona mumewe siku nne.

"Shikamoo, mama," mtunza farasi alinong'ona. "Nigombeze, nimekosa. Ila polepole, mgonjwa anakula."

Mama mkwe akamtazama farasi, akashusha sauti, akamgombeza mkwewe kwa kunong'ona, kidole juu, kuanzia siku ya posa hadi jana. Alipomaliza, farasi alikuwa bado anatafuna. Akachota nyasi, akamnyooshea.

"Kula, mwanangu," akasema. "Huyu nitamalizana naye nyumbani, huko hakuna mgonjwa."