Mzimu Uliohojiwa Ofisini Kabambare

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya teritwari, yaani wilaya, ya Kabambare, karani mkuu alinionyesha kigoda kati ya mlango na meza ya Bwana Administrata, Mbelgiji aliyeitawala teritwari. "Hapo ndipo pa mukalimani," akasema. "Ukichoka, choka ukiwa umenyooka." Nilikuwa nimetoka shule ya mapadri Kasongo, najua Kifaransa, Kiswahili na Kibangubangu cha mama yangu, na udadisi tele.

Kazi ilikuwa kutafsiri maswali na majibu, kisha kuyaandika katika prosevebali, yaani maandishi ya mahojiano, ambayo mhojiwa aliyawekea dole gumba.

Wabelgiji walipokaribia kuondoka nchini, askari walimleta Mama Zaina kutoka Lusangi. Alikuwa akipandwa na mzimu wa chifu wa zamani, na watu walimwendea kuuliza nchi hii itaishia wapi. Ofisi ilisikia kwamba mzimu huo unawafukuza Wazungu. Likithibitika, adhabu ilikuwa relegasyo: kupelekwa kukaa mbali na kwao, pengine asirudi.

"Mie sijue nilisema nini," akajibu. "Muzimu ukipanda, mie siko. Bwana yangu ndiye anasikia, kisha ananiambia."

Mume wake alikuwa amezuiwa nje. Kumbe hata Mama Zaina alikuwa na mkalimani wake! Nilitamani kumwuliza mengi.

Bwana Administrata akaamuru auite mzimu palepale. Mama akamtazama miguuni. "Muzimu haujibu mutu wa viatu."

Nilitafsiri nikingoja kupigwa makofi. Bwana Administrata akacheka kidogo, kisha, jamani, akainama akafungua kamba za viatu. Sikuwahi kuona vidole vya miguu vya Mzungu. Nikajua kwamba upelelezi umekwisha. Sasa alitaka kujua, kama sisi.

Mama akafumba macho, mabega yakaanza kucheza, na sauti ya mzee ikatoka kwake kwa Kibangubangu. Ilisema maneno mawili tu. La kwanza nililitafsiri: "Mtarudi kwenu wote, kabla nyumba mnayojenga hapa haijapata mabati."

Nikachukua kalamu, nikauliza kwa heshima zote, "Bwana Administrata, katika prosevebali niandike pia habari ya viatu?"

Akatazama miguu yake, akawa mwekundu. "Andika kwamba mwanamke hakusema kitu. Aende kwake."

Nilifurahi hadi nikasahau kumwekesha dole gumba. Mlangoni, mama akanishika mkono.

"Mutoto wangu, nilisema nini?"

"Ulisema Wazungu watarudi kwabo, mama."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Sasa nimestaafu. Wazungu walikwenda kweli. Kama mzimu ulijua au ulibahatisha, mimi mwenyewe ningali najiuliza. Linaloniuma ni lile neno la pili. Nililimeza kwa aibu mbele ya Mzungu, kisha nikamnyima hata mama aliyelitoa: "Halafu ninyi kwa ninyi mtaogopana." Hilo lilitumwa kwetu sisi tuliobaki, na aliyelisikia na kulielewa ni mimi peke yangu.