Ukungu Kwenye Darubini ya Maganga

Maganga wa Kimali alijulikana kwa shabaha. Alikuwa askari wa wanyamapori mpaka alipostaafu, na tangu arudi kijijini na bunduki yake yenye kibali, fisi wakizidi kusumbua mazizini ni yeye aliyeitwa. Kwa hiyo siku alipomkosa fisi aliyesimama mahali peupe kabisa, watu walishangaa. Yeye alisingizia upepo. Mkewe, Nyanjige, alijua jioni ile hata jani halikutikisika. Alimpigia simu binti yao tu.

Joyness alikuwa karani katika ofisi moja Bariadi. Alikuja likizo ya Pasaka na kiboksi alichokizungushia kitenge, akakiweka mapajani mwa baba yake. Ndani mlikuwa na darubini ya kufunga juu ya bunduki.

"Siyo ya gharama, baba," alisema kwa aibu kidogo. "Nimeipata kwa Selestini, anayeuza vitu vya mtumba. Ameniambia ukiona haifai nimrudishie."

"Asante, mayu, mama yangu. Ngoja tuikague."

Moyoni Maganga alifurahi. Kazini walikuwa wakimletea darubini za kila aina aamue ipi inafaa. Aliitikisa sikioni, asikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Kimya. Alizungusha vifundo vyake. Vikaitikia kimoja kimoja, bila kuteleza. Kisha akailaza juu ya kiroba cha mchanga, akaielekeza ng'ambo ya korongo, ng'ombe walikokuwa wakinywa maji, akaweka jicho.

Aliona weupe tu, kama maziwa. Ng'ombe walikuwa madoa tu yanayosogea ndani ya ukungu.

Alifuta vioo kwa ncha ya shati. Akatazama tena. Ukungu uleule.

"Imeingia unyevu," alisema, akiirudisha kwenye boksi. "Vioo vimekufa. Rahisi ni rahisi tu, mwanangu. Amekuuzia kopo."

Joyness aliinama, akaanza kukunja kile kitenge. Nyanjige, aliyekuwa akipepeta mchele karibu yao, alimwona mwanawe anavyouma mdomo. Akaweka ungo chini.

"Hebu na mimi nilione hilo kopo."

Alipiga magoti mbele ya kiroba, akafunika jicho moja kwa kiganja. Akakaa hivyo kitambo, kisha akaanza kutabasamu.

"Yule ndama wetu mwekundu ana kupe sikioni," alisema. "Na jirani yetu Shida anafua. Kumbe kanga yake ile ina maua ya njano! Baba Joyness, mbona kweupe?"

Maganga alisogea taratibu, akapiga magoti mahali mkewe alipokuwa. Jicho la kulia: maziwa. Akasita. Halafu akaweka la kushoto, ambalo hakuwahi kulengea maishani mwake, na ng'ambo yote ikamjia, kila unyoya wa mgongo wa yule ndama.

Alibaki pale, kichwa chini, mpaka Nyanjige akamwekea mkono begani.

"Joyness," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Darubini yako ni nzima. Lililokufa ni jicho langu."

"Baba..."

"Subiri, nikupe sifa yake yote, maana nimeitukana bure." Akatingisha kichwa kushoto na kulia huku akichungulia. "Pembeni inafifia. Giza likianza kuingia itachoka mapema kuliko zile za bei mbaya. Lakini msalaba wake wa kulengea umetulia, hauhami nikisogeza kichwa. Kwa fisi wa zizini inatosha. Umenunua vizuri, mayu."

Joyness alilia, na hakujua analia kwa lipi.

Walimpeleka hospitalini Bariadi. Daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa. Maganga, aliyewahi kulala porini na simba wakinguruma jirani, aliposikia jicho litapasuliwa alitaka kurudi nyumbani. Nyanjige alimshika mkono, akaushika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na muuguzi ndiye aliyewatenganisha.

Bandeji ilipofunguliwa, cha kwanza alichoona ni uso wa mkewe. Alimtazama sana, mvi zilizochungulia chini ya kilemba, mikunjo midogo pembeni mwa macho.

"Umezeeka lini wewe?" aliuliza.

"Wewe ulipokuwa unatafuta fisi," alijibu Nyanjige, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akageuka.

Wakatoka kwa miguu kuelekea stendi, wakimfuata Joyness aliyebeba mfuko wa dawa. Maganga alikuwa akisoma kwa sauti vibao vya maduka, kimoja baada ya kingine, saluni, vipuri, dawa za pamba, na Nyanjige akiitikia kila kimoja kana kwamba ni habari mpya.