Ng'ombe wa Kwenye Pakiti

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na puto lenye picha ya ng'ombe anayecheka, na papo hapo nikasikia harufu ya moshi wa kibuyu cha mama.

Mama alikifukiza kibuyu kile kila alfajiri kabla ya kumkamua Milembe, ng'ombe wetu. Siku moja gari la matangazo lilikuja shuleni kwetu Kishapu, muziki ukitikisa madirisha. Anko mmoja mwenye fulana ya njano alitugawia maputo yenye ng'ombe kama huyo, akatufundisha kuimba jina la maziwa ya unga, kisha akasema, "Mama anayekupenda atakununulia." Nilimwamini kuliko mwalimu.

Nyumbani nilimsukumia mama kikombe changu cha maziwa. "Haya yananuka moshi. Mayu, kwani hunipendi?"

 Kesho yake mama alibeba kibuyu kizima mnadani, akauza maziwa ya Milembe, akarudi na pakiti moja ndogo. Alinikorogea, akakaa kunitazama.

"Matamu?"

"Matamu, mayu."

Jioni ile mdogo wangu alikunywa uji mtupu. Mimi nilifurahi kwamba napendwa.

Sasa najua yule anko alikuwa kazini. Kazi yake niliimalizia mimi, jikoni kwetu, kwa ujira wa puto moja.