Mfuniko wa Antena

Mkahawa ninaooshea vyombo hapa Marina, wa nne tangu nije huku ughaibuni, hupiga jazi mchana kutwa, na televisheni ya ukutani huonyesha besiboli isiyotazamwa na mtu. Leo nilishika mfuniko wa sufuria wenye harufu ya masizi na sabuni, nikajikuta utotoni, nje ya dirisha la kwetu.

Televisheni yetu ilikuwa imekufa sauti, basi baba akitazama besiboli akawa anaiwekea kaseti za jazi. Antena ilikuwa mfuniko kama huu, na picha ilitulia pale tu nilipoushika. Nikiuachia nichungulie ndani, picha inageuka chenga.

"Tulia, mama," baba aliniambia.

"Nimechoka kusimuliwa. Nataka nimwone mchezaji akipiga."

Akatoka, akaushika yeye. Nikakimbilia ndani. Tarumbeta ililia, mchezaji akaupiga mpira ukapotelea juu ya watu, akaanza kukimbia.

"Amefika wapi?" baba akauliza dirishani.

"Amezunguka uwanja, karudi palepale alipoanzia. Watu wote wamesimama wanamshangilia."

Baba akacheka mpaka picha ikatikisika.

"Kwa kurudi tu?"