Antena ya Gari la Mkubwa

Watu hunidhania mkimya wa tabia. Si kweli. Mimi ni mwoga, na mwoga akipata kazi nzuri hujifunza kunyamaza upesi. Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa na kazi nzuri: nilimwendesha mkubwa mmoja wa serikali aliyeletwa Malindi kutoka bara. Gari lake lilikuwa jeusi, la Kijerumani, limeshazeeka hata kabla hajakabidhiwa, lakini likipita Gongoni vibarua wa chumvi waliacha makoleo yao wakasimama wima mpaka vumbi litulie.

Gari lile lilikuwa na antena ya umeme. Ukiwasha redio, mota ndani ya buti ilinguruma kidogo, na fimbo ya chuma ikajitokeza yenyewe nyuma ya gari, kipande ndani ya kipande, mpaka ikasimama kimo cha mtoto wa miaka minne. Ukizima redio, fimbo ilirudi ndani yote, usione kitu ila kitundu. Kwetu Mambrui watu wazima na heshima zao walinisimamisha njiani niiwashe na kuizima waone.

Mkubwa alisikiliza habari mara mbili kwa siku, na hakusikiliza popote ila ndani ya gari. Saa moja asubuhi mbele ya nyumba yake, na saa saba mchana mahali popote tulipo. Saa ilipokaribia niliegesha, nikazima injini, nikatoka, nikafunga mlango na kwenda kusimama hatua kumi mbali. Hizo hatua kumi zilikuwa amri yake. Vioo vilikuwa juu, kwa hiyo sikusikia neno. Kazi yangu ilikuwa kuitazama antena tu. Ikishuka, nirudi kwenye usukani.

Mwanzoni nilidhani ni mpenzi wa habari. Baadaye dereva mwenzangu wa Kilifi alinifumbua macho. Siku zile mkubwa wa serikali hakufukuzwa kwa barua. Barua ilikuja nyuma, imechoka, haina jipya. Alifukuzwa na redio. Bosi wa huyo mwenzangu alikuwa hotelini na wageni, redio ya jikoni ikataja jina lake, na mhudumu aliyekuwa akimletea wali akasimama katikati ya ukumbi, asijue aendelee au arudi nao. Mkubwa wangu hakutaka kusimamiwa na sahani ya wali. Ofisini kulikuwa na makarani, nyumbani kulikuwa na mpishi na mlinzi, mkewe na watoto walikuwa bara. Kama jina lake lingetajwa, alitaka alisikie peke yake.

Mimi nilimwogopa tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa na namna ya kukutazama kupitia kioo cha ndani, kimya, kwa muda mrefu, mpaka ukakumbuka makosa ambayo hujayafanya bado.

Kipupwe cha mwaka ule antena ilianza kulia. Hewa yetu ina chumvi, hakuna chuma kinachosalimika. Kila ikipanda ililia kwii, kwii, na mkubwa akakunja uso. Nikajisemea, hili dogo. Kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Bibi yangu alipaka nywele kwa hayo, bawaba za mlango, cherehani, kufuli, na kifua cha mtoto mwenye mafua. Basi jioni moja niliiwasha redio, fimbo ikapanda, nikaipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Kisha nikaona kwa nini nifanye ubahili, nikamimina mengine ndani ya kitundu mpaka yakafurika. Nilijipongeza kabisa.

Siku tano haikulia. Siku ya sita asubuhi kulikuwa na baridi, ile baridi yetu ambayo watu wa bara huicheka, lakini inayotufanya tutoke na makoti. Kila mtu wa pwani ajua kwamba asubuhi kama hiyo mafuta ya nazi huganda chupani yakawa meupe, mpaka uyaanike juani ndipo uyapate. Nilijua hilo tangu sijaota meno ya pili. Lakini nililijua kwa habari ya chupa. Halikunipitia akilini kwamba antena nayo nimeigeuza chupa.

Nilikuwa nimesimama kwenye hatua zangu kumi. Fimbo ilipanda shubiri moja, ikakwama. Mota haikukwama. Iliendelea, ta-ta-ta-ta-ta, meno yakisaga kitu ndani ya buti, kisha ikakatika. Redio ikabaki kuvuma kama mvua juu ya mabati. Niliisikia mpaka nje kwa vile alivyoipandisha sauti. Nikakimbia, nikaishika fimbo na kuivuta kwa mkono. Haikusogea hata unyayo wa sisimizi. Saa moja kamili ikapita. Na dakika tano, na kumi. Habari zikasomwa nchi nzima isipokuwa ndani ya gari letu.

Akashusha kioo.

"Dereva."

"Naam, bwana mkubwa."

"Umeshika nini hapo nyuma?"

"Nimeipaka mafuta tu, bwana mkubwa. Ilikuwa inalia."

"Nani alikwambia uipake?"

"Hakuna, bwana mkubwa. Ni mimi mwenyewe."

Hakupandisha sauti, na ningeona nafuu kama angepiga kelele. Akasema, "Wiki zote za mwaka, umeiharibu wiki hii. Nani amekutuma?"

Wiki ile kulikuwa na minong'ono kwamba ujumbe wa watu umetoka Jilore kwenda kwa wakubwa wa juu kumshitaki kwa habari ya mashamba, na mama yangu ana ndugu Jilore, jambo ambalo sikuwahi kulificha wala kulitangaza. Mtu wa leo hawezi kulielewa swali lile. Siku zile ukiulizwa umetumwa na nani, "hakuna" ndilo jibu hasa la mtu aliyetumwa. Watu walikwenda kujibu swali hilo wakarudi baada ya miezi, na wengine waliporudi hawakupenda tena kukaa karibu na mlango.

"Saa saba kasoro robo," akasema, "nataka gari hili ofisini kwangu na hiyo fimbo iwe inapanda. Ikiwa haipandi, utaenda kituo cha polisi uwaambie wao aliyekutuma. Mimi sitakuuliza mara ya pili."

Nilimwacha ofisini nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa redio, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Malindi, mtu mzima, mwenye duka dogo karibu na soko. Alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Una nini? Mbona watetemeka, una homa?"

Nikamweleza. Sikumweleza habari ya kituo. Nilisema tu kwamba mkubwa anaitaka kabla ya saa saba, lakini nadhani alisoma yaliyobaki usoni, kwa sababu aliiacha chai yake ikapoa.

Tulifungua buti, tukatoa zulia na ubao wa pembeni. Antena ile juu ni fimbo, chini ni mota na kibweta cha duara kama kopo la samli. Ndani ya kibweta umejizungusha uzi mnene wa plastiki wenye meno upande mmoja. Gurudumu la mota huyauma meno hayo, likausukuma uzi juu, na uzi ukaisukuma fimbo. Fundi alinipa kazi ya kushika skrubu. Ya pili ikaniponyoka, ikatumbukia ndani ya mwili wa gari, tukaisikia ikigonga mpaka chini. Nikaanza kulia. Nasema kweli, mtu mzima mwenye ndevu, nililia mbele ya soko. Fundi aliingia dukani akatoka na sumaku ya spika mbovu aliyoifunga kamba, akaiteremsha mle ndani, akavua skrubu yangu kama mtu anayevua kaa.

Alipofungua kibweta alinusa kwanza.

"Nazi," akasema. "Wewe bwana, umeipika?"

Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya majivu: mafuta yaliyoganda, mchanga na chumvi, pamoja na vipande vya plastiki. Uzi ulikuwa umenyofolewa meno yake sehemu ya urefu wa kiganja.

"Fimbo hii haitaki mafuta," fundi akasema. "Yataka kupanguswa kwa kitambaa kikavu, basi. Ukiipaka, yashika mchanga wote wa Malindi. Na wewe wamimina nazi, na kipupwe hiki!"

"Uzi mwingine waweza kupatikana?"

"Mombasa. Kesho, pengine keshokutwa."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Nilifikiria kuliacha gari pale na kukimbilia Lamu. Nilifikiria mama atakavyoambiwa. Saa ya ukutani dukani mwake ilikuwa saa nne na nusu, na nilianza kuichukia kama mtu.

Fundi aliugeuza ule uzi mikononi kwa muda. Kisha akachukua kisu, akaikata sehemu iliyonyofolewa na kuitupa. Huo uzi uliobaki akauchoma ncha kwa chuma chake cha kulehemu, plastiki ikavimba kichwa kidogo, akaukandamiza kwenye kitako cha kile kipande chembamba cha fimbo mpaka ukashika. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukakausha, tukapangusa. Mara ya kwanza kichwa kilichomoka. Mara ya pili fimbo ilipanda ikakataa kushuka. Saa sita na dakika ishirini, mara ya tatu, niliwasha redio na antena ikapanda bila kulia, ikasimama. Ilikuwa fupi kuliko zamani, kama kiganja kimoja imepungua, lakini redio ilisema kwa sauti safi. Nilimshika fundi mkono nikashindwa kuuachia.

Saa saba kasoro robo nilikuwa ofisini. Mkubwa aliingia nyuma bila kunitazama. "Twende mahali pa wazi," akasema. Nikaliendesha kwenye barabara ya Mambrui, nikaegesha karibu na daraja la Sabaki ambapo hapana nyumba. Nikatoka, nikafunga mlango, nikahesabu hatua kumi.

Antena ikapanda.

Sijawahi kumwomba Mungu kwa ajili ya mtu kama nilivyomwomba kwa ajili ya ile fimbo. Simama. Simama. Na ikasimama. Kwa kawaida ilibaki juu kama robo saa, habari, michezo, mpaka hali ya hewa. Nilianza hata kufikiria chakula cha mchana.

Haikumaliza dakika nne. Ikashuka.

Nilijua papo hapo: kichwa cha uzi kimechomoka tena. Nikaona kituo, nikaona mlango wake. Nilikimbia mpaka dirishani huku maneno yananitoka ovyo. "Bwana mkubwa nisamehe, naitengeneza sasa hivi, fundi yuko, ni uzi tu, wallahi hakuna aliyenituma."

Akashusha kioo. Uso wake haukuwa na hasira. Haukuwa na kitu.

"Haijaharibika," akasema. "Nimeizima mimi." Akarudi kuegemea kiti. "Umetengeneza vizuri. Nimesikia kila neno."

Nilisimama pale nimeshika mlango. Nitasema ukweli, maana nimeshauficha vya kutosha: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Sitaenda kituoni. Jina lake limesomwa, na asiye na cheo hana uwezo wa kumpeleka mtu kituoni. Kisha nikaionea aibu furaha ile, na nyuma yake ukaja woga mpya, mkubwa kuliko wa asubuhi. Sasa mle garini mlikuwa na mtu wa kuogopwa kwa sababu nyingine. Mtu akisomwa jina saa saba, aliyeonekana naye saa nane huulizwa walikuwa wakizungumza nini.

Niliingia kwenye usukani. Hakuniambia tuende wapi. Niliangalia kioo cha ndani, na kwa mara ya kwanza yeye hakuwa ananitazama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mmoja umeukaba mwingine. Ndipo nilipofahamu kwamba mtu huyu alikuwa mwoga mwenzangu, kila siku, mara mbili kwa siku, miaka miwili, na vioo viko juu.

"Ndugu yangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nikirudi nyumbani sasa nitawakuta askari wananingoja. Huko kwenu Mambrui, kuna mahali mtu anaweza kukaa siku mbili tatu, asiulizwe kitu?"

Nyumbani kwa mama kulikuwa na chumba cha uwani. Kitanda chake hakikutandikwa kwa ajili ya mtu maalumu. Kilitandikwa tu, kwa sababu kwetu nyumba isiyo na mahali pa mgeni ni aibu ya ukoo mzima. Walilala pale wauza nguo, wasafiri waliokosa basi, mwendawazimu mmoja wa Lamu kwa mwezi mzima, na mama hakumwuliza hata mmoja wao anatoka wapi kabla hajala.

"Hakuna, bwana mkubwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Asante."

Nikawasha injini. Daraja lilikuwa mbele yetu, tupu, na Mambrui iko ng'ambo yake, mwendo wa dakika kumi. Nikaligeuza gari kuelekea mjini.