Dereva wa Basi Aliyeujua Upande wa Pili

LONDON, Mei 2001

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Madhu Raichura analizunguka basi lake la ghorofa mbili akiwa na tochi mkononi. Anagonga tairi kwa ncha ya kiatu, anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa sweta, anapanda na kuwasha injini. Kabla hajaingiza gia, anaanza kupiga mluzi.

Ni wimbo wa Kiingereza wa miaka ya sitini, wa wale vijana waliofuga nywele mpaka masikio yakapotea. Lakini hata Mwingereza aliyekulia mitaa hii akiusikia atakuna kichwa. Bendi ataitaja upesi. Wimbo wenyewe hataujua.

"Huu ni wa upande wa pili wa santuri," anasema Madhu, huku akicheka kama mtu aliyeficha peremende. "Uko nyuma ya ule mnaoujua nyinyi wote."

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na thelathini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye mabasi ya London. Alianza mwaka 1969 akiwa kondakta, kwa pauni kumi na saba kwa wiki. Leo anapata mia tatu na ushee, pamoja na mgongo unaouma ambao hakuna anayemlipia. Binti zake wawili wanakielewa vizuri Kiswahili chake na kumjibu kwa Kiingereza. Hajawahi kutolewa gazetini, na mpaka Machi mwaka huu hata yeye asingeona sababu ya kutolewa.

Kilichombadilisha ni shindano la chemsha bongo.

Kila mwaka gereji za mabasi za upande huu wa London hushindana maswali na majibu katika klabu ya wafanyakazi. Kila timu ina watu watano, na kila mtu hupewa mada yake: historia, jiografia, sinema, michezo na muziki. Kombe lenyewe ni dogo, limebonyea ubavuni, lakini watu wazima hununiana kwa ajili yake mwaka mzima.

Madhu alipojiunga na timu alipewa michezo, hasa kriketi.

"Waliniona Mhindi, wakadhani nimezaliwa na gongo mkononi," anasema. "Mimi kriketi sijui hata inaanzia wapi. Nilikuwa nabahatisha tu. Mara nyingine napata, wananipigia makofi, naona haya."

Alichokijua kilikuwa muziki, na aliujulia dukani kwa baba yake, Nakuru, nchini Kenya.

Baba yake aliuza baiskeli, taa, nyuzi za kushonea na santuri. Santuri zilitoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, zikakaa kwa wakala Nairobi, kisha zikapanda treni. Sanduku likifika, ndugu wote waliacha chakula mezani kwenda kulifungua. Lakini mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku ya harusi ya mwanawe mkubwa: wimbo wa upande wa kwanza, ule maarufu, haupigwi dukani.

"Alisema mtu akishausikia bure, atanunua wa nini? Unaoutaka, ulipie ukaupige kwako. Basi sisi kutwa nzima tulipiga upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza, toka nina miaka kumi na minne."

Kwa hiyo kijana wa Nakuru alikua akizijua nyimbo ambazo huko zilikotungwa watu waliziruka. Na kila wimbo uliganda na kitu. Kuna mmoja wenye kinanda ambao hadi leo ukipigwa anasikia harufu ya mafuta ya taa ya duka la jirani. Kuna mwingine wa gitaa linalokwaruza, na huo ni kaka yake akijikata kidevu siku ya kwanza kunyoa ndevu. Na kuna mmoja wa taratibu, wa sauti tatu, ambao ni msichana mwenye sare ya shule aliyeegemeza baiskeli mlangoni.

Msichana huyo, Anjali, sasa amekaa kwenye kochi sebuleni kwao, mtaa wa Rayners Lane hapa London, anamenya njegere na kumkosoa mumewe kila sentensi ya tatu.

"Alikuja kila Jumamosi miaka miwili mizima," Madhu anamwambia mwandishi. "Hakununua kitu. Hata sindano ya gramafoni!"

"Ningenunua na pesa gani?" Anjali anamkata. "Halafu, mwandishi, ningenunua, ningekuja na kisingizio gani Jumamosi ijayo?"

Naye alizijua nyimbo kwa upande wa pili tu, maana nyumbani kwao redio ilikuwa ya baba na ya habari. Alipofika London na kusikia nyimbo nyingine za upande maarufu kwenye redio ya jirani, hakuzipenda hata kidogo. "Nilimwambia Madhu, hawa si ndio wale wetu? Mbona wameharibika?"

Mwaka 1997 Madhu alipiga moyo konde, akamwomba nahodha wa timu, James, amwachie raundi ya muziki. James ni msimamizi wa zamu, mtu mpole aliyezoea kuijibu raundi hiyo mwenyewe. Alikubali shingo upande. Ilikuwa fainali. Swali la mwisho likawa: wimbo huu ulitoka mwaka gani?

Madhu hakusubiri hata wimbo uishe. Mwaka 1965! Alikuwa na uhakika nao kama alivyo na uhakika wa jina la mama yake, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekata kamba ya sanduku, Januari ya mwaka ule, siku mbili baada ya shule kufunguliwa.

Jibu lilikuwa 1964. Kombe likaenda gereji ya jirani kwa pointi moja.

Kukosa aliweza kukumeza. Kilichomchoma ni sauti ya dereva mmoja wa timu pinzani, iliyotoka nyuma ya ukumbi kati ya vicheko: "Rafiki, wewe hukuwepo."

"Niliendesha basi wiki nzima na neno hilo," anasema, na hapa hacheki. "Sikuwepo? Ujana wangu wote umo ndani ya nyimbo zile. Kaka yangu amekufa, duka limeuzwa, baba alipokufa nimemchoma moto, kwa desturi yetu, hapa hapa London. Nilichobaki nacho ni zile nyimbo. Sasa mtu ananiambia si zangu."

Alirudi kwenye kriketi. Lakini siku zake za mapumziko alianza kwenda maktaba, akafungua vitabu vya tarehe za santuri, akaandika kwenye daftari la shule la binti yake. Upande huu tarehe ya kitabu, upande ule tarehe aliyoikumbuka yeye. Alipofika wimbo wa arobaini akaweka kalamu chini.

Hakuwa amekosea hata mmoja. Zote zilipishana na kitabu kwa muda uleule, karibu miezi minne, kwa sababu nyimbo zilisafiri. London waliukumbuka wimbo tangu ulipozaliwa, Nakuru tangu ulipofika.

"Nilikuwepo," anasema, akipiga goti kwa kiganja. "Ila nilikuwepo mwisho wa reli."

Mtu wa kwanza kuelezwa habari hiyo alikuwa Laurette, mwanamke wa Bukavu anayepika kantini ya gereji na kuijibia timu maswali ya jiografia. Yeye na Madhu huongea Kiswahili juu ya sinia la mayai, yeye cha Kongo, Madhu cha Kenya, na madereva wengine huwatazama tu. Laurette hakusahau alichoelezwa.

Machi mwaka huu gereji ya Madhu ilifika tena fainali, na wapinzani walikuwa walewale. Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa, Anjali amekaa safu ya tatu na mkoba magotini. Hadi inaanza raundi ya mwisho, wapinzani walikuwa mbele kwa pointi tano. Raundi ya mwisho ni muziki.

Muuliza maswali, inspekta mstaafu wa mabasi mwenye masharubu, akatangaza kwamba amechoshwa na watu wanaokariri orodha. Mwaka huu nyimbo zote nane zitakuwa za miaka ya sitini, na zote ni za upande wa pili wa santuri.

Ukumbi ukaguna. James akatazama dari.

Laurette mwenyewe anasimulia yaliyofuata. "Mimi nikamwambia James: acha huyu baba aende. Ye akasema, Laurette, unakumbuka mwaka ule? Nikamwambia, nakumbuka, ndiyo maana. Kama hapana, mimi natoka, na kesho munajipikia wenyewe."

Gereji nzima inaogopa kujipikia. James akasogeza kiti chake, akasema kwa upole, "Nenda, Madhu."

Wimbo wa kwanza ulipigwa sekunde sita. Madhu akataja jina la wimbo, bendi na upande wa kwanza uliokuwa mgongoni mwake. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa ule wa kinanda, na pua yake ikajaa mafuta ya taa katikati ya London. Ulipofika wa tano, ule wa sauti tatu, hakujibu mara moja, na watu wa timu yake roho zikawa juu. Wakadhani amesahau. Alikuwa amegeuka kumtazama mkewe, naye Anjali alikuwa ameinama akitafuta leso.

Nane kwa nane. Mpinzani wake alipata tatu. Timu zikalingana.

Inspekta akatoa santuri ya ziada. Akasema wimbo huu wasiutaje jina; waandike mwezi na mwaka uliotoka, na atakayekaribia zaidi atachukua kombe.

"Niliposikia neno mwaka, nikalikumbuka lile neno, hukuwepo," anakiri Madhu.

Huu haukuwa kwenye daftari lake. Lakini aliujua. Ulitoka kwenye sanduku la mwisho kabisa, Januari 1968, duka likiwa tayari na mnunuzi. Wahindi wengi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wakikimbilia London kabla sheria haijawafungia mlango, na familia ya Madhu ilikuwa na tikiti za Februari. Anjali alikuja siku hiyo kuaga. Akamwomba mzee, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, apige upande wa kwanza. Mzee akatikisa kichwa. Sheria ni sheria hata duka likifa. Wakausikiliza wa pili, wote watatu wamesimama, kisha msichana akachukua baiskeli yake akaenda. Hawakujua bado kwamba naye angefika London.

Kwa hiyo ni Januari 1968. Toa miezi minne, Septemba 1967. Madhu akaanza kuandika herufi ya S, kalamu ikasimama. Kichwani alimsikia baba yake akilalamika. Mwaka ule Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, tangu Juni, na meli zikalazimika kuizunguka Afrika nzima, kule chini Rasi ya Tumaini Jema. Mzee alinung'unika miezi yote kwamba masanduku yanachelewa mwezi zaidi.

Akaikata ile herufi. Akaandika: Agosti 1967.

Mpinzani aliandika Novemba 1967. Inspekta akavaa miwani, akaigeuza santuri, akasoma karatasi yake polepole kupita kiasi, kisha akasema Agosti.

Kilichofuata kila mtu anakisimulia kivyake. James anasema hakulia. Laurette anasema alilia, tena sana. Wote wanakubaliana kwamba Madhu alinyanyuliwa juu pamoja na kiti, akiwa amelikumbatia lile kombe lililobonyea, na kwamba yule dereva wa mwaka 1997 alikuja kumpa mkono na kumuuliza amejuaje.

"Nilimwambia ukweli," anasema Madhu. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyefungua sanduku."

Tangu Aprili raundi ya muziki ni yake rasmi, na kriketi amepewa James, ambaye inaonekana anaipenda. Madereva vijana humsimamisha gerejini na kumwimbia vipande vya nyimbo ili wamnase. Hawajamnasa bado.

Lakini kombe limempa hamu nyingine. Desemba yeye na Anjali watakwenda Nakuru, mara ya kwanza tangu waondoke. Tikiti zimekwishalipwa. Binamu yake amemwandikia kwamba duka sasa ni la dawa, na mwenye duka hana neno, wakaribie.

Chini ya ngazi za nyumba yao kuna gramafoni ndogo ya betri, imefungwa kwa blanketi. Juu yake kuna santuri moja tu, ile ya sanduku la mwisho. Madhu aliitafuta miezi miwili katika maduka ya vitu vya zamani.

"Nitaiweka pale pale kwenye kaunta, mlango wazi," anasema. "Nitapiga upande wa kwanza. Kwa sauti. Bure kwa kila anayepita."

Anjali anaweka chini bakuli la njegere. Huo upande angeweza kuusikia mara elfu hapa London, redioni au kwa majirani. Kila ulipoanza, anasema, alizima au alitoka nje.

"Mimi nausubiri toka mwaka sitini na nane," anasema. "Nitasimama mlangoni, pale pale nilipokuwa nikiegemeza baiskeli. Na safari hii, mwandishi, nitamlipa."