Nilifanyiwa Macho Nisafiri, Nikafichwa Baba Anakufa

Hamjambo nyote. Admin, tafadhali ficha jina langu, watu wa kwetu Kianyaga wako wengi hapa kwa ukurasa wako na sitaki Mama aaibike. Mimi ni msichana wa miaka thelathini na moja, nesi, sijaolewa. Niko na safari ya kwenda Ujerumani kutunza wazee, mkataba wa miaka mitatu. Begi liko wazi kitandani tangu Jumapili na sijatia hata nguo moja.

Nimevaa miwani tangu darasa la tano. Mwalimu alikuwa anasema mimi ni mvivu, Baba ndiye aligundua kwamba sioni ubao. Nilipopata viza nikaanza kuogopa. Miwani ikivunjika ugenini nitafanyaje, na mzee wa watu ananitegemea nimshike asianguke? Baba akasema nifanyiwe ile leza ya macho kabla sijaondoka. Aliniambia, "Enda ukiwa unaona vizuri."

Nilifanyiwa Nyeri, nikakaa kwa rafiki yangu tuliyesoma naye. Daktari alitaka nikae karibu na kliniki wiki nzima, nisiguse macho, nijiepushe na moshi na vumbi, na nyumbani tunapika na kuni. Siku za kwanza nilikuwa kama nimepakwa pilipili. Nilikaa pazia zimefungwa, simu siwezi kusoma, rafiki yangu ndiye alikuwa ananitafutia namba.

Siku ya kwanza niliongea na Baba, akaniuliza kama nimekula. Siku ya pili kaka yangu mkubwa ndiye alishika simu, akasema Baba yuko kwa shamba la kahawa na vibarua. Siku ya tatu ati ameenda mkutano wa kiwanda. Ya nne ati amelala. Nilisikia Mama akianza kusema kitu huko nyuma, halafu akanyamaza. Mimi ni nesi, kila siku naona familia zikifichana mambo wodini, na bado sikuuliza.

Siku ya tano rafiki yangu alirudi kutoka kazini mapema. Kabla hajasema lolote alinishika mikono yote miwili, nadhani alitaka nisisugue macho. Hapo nikajua.

Baba alikuwa ameanguka katikati ya kahawa siku ile ya pili. Ni moyo. Alilazwa hospitali ya Kerugoya siku tatu, akafa asubuhi ya siku hiyo ya tano. Kutoka pale nilipokuwa hadi kitanda chake ni mwendo wa saa moja na kidogo.

Nilimwona mochari. Macho yangu bado yalikuwa na ukungu, lakini nilipoinama niliona kila kitu bila miwani, ndevu hazijanyolewa, udongo wa shamba bado kwenye kucha. Sijawahi kumwona Baba wazi hivyo.

Kaka aliniambia Baba mwenyewe ndiye alikataza nisiambiwe. Ati alisema nikilia macho yataharibika na safari itapotea. Nilikubali, maana huyo ni Baba kabisa. Tukamzika. Niliporudi kliniki kuangaliwa nilimuuliza daktari kama nimejiharibu kwa kulia. Akasema machozi hayana shida, ni kusugua tu ndiko kubaya. Nililia pale pale kwenye kiti chake mpaka akatoka akaniacha.

Ningeweza kuishi na hilo. Lakini wiki iliyopita tulikuwa tunachagua maharagwe na Mama, akaanza kuongea bila kuniangalia. Alisema jioni ya mwisho Baba aligeuza maneno. Alizoea kuniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Aliuliza, "Maitu amefika?" Akauliza tena. Mama alitaka kunipigia, kaka akamnyang'anya simu, akasema zimebaki siku chache tu za macho, niachwe nimalize.

Nilimfuata kaka kwa boma la ng'ombe. Hakukataa. Aliweka ndoo ya maziwa chini akasema, "Nilidhani tuko na wakati. Nilitaka mtu mmoja wa hapa kwetu afaulu." Alikuwa analia. Nilimwacha hapo na mpaka leo hatujasalimiana, na tunakula kwa meza moja.

Ndege yangu ni wiki ijayo. Kaka anataka kunipeleka uwanja wa ndege. Mama, ambaye naye huniita mama, ananiambia, "Mami, nimezika mzee. Usiniachie nyumba yenye watu hawaongei."

Najua kaka hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo linanichosha zaidi, kwa sababu sina hata mtu wa kuchukia. Lakini yeye ndiye anabaki na Mama. Mama ana presha, na simu yake ndogo kaka ndiye humsaidia kuishika. Kwa miaka mitatu habari zote za Mama zitapita kwa mdomo wa mtu mmoja. Akiniambia ni mzima, nitaamini vipi?

Nyinyi mlio mbali na kwenu, na nyinyi mliofichwa msiba kama mimi, niambieni. Nimsamehe niende, au nivunje mkataba nibaki na Mama? Nishikeni mkono, mimi peke yangu nimeshindwa.